Riwaya Isiyofuata Mfululizo wa Wakati Haikukosewa Kiwandani

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la uhariri yameongezeka, na mengi yanafanana. Msomaji anamkuta mhusika aliyezikwa sura ya kwanza akifunga ndoa sura ya nne, basi anaamini kiwanda kimechanganya kurasa. Kurasa ziko sawa. Mwandishi amepanga hivyo, na mpangilio huo ni sehemu ya anachokisema.

Chukua A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967). Siku chache kabla ya Kenya kupata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, wanakijiji wa Thabai wanamtaka Mugo, wanayemwona shujaa, ahutubie sherehe. Kisengerenyuma, yaani mbinu ya kurudi nyuma katika masimulizi, kinaturudisha mara kwa mara katika miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, kila mhusika akiwa na lake moyoni, huku wapiganaji wakimshuku Karanja kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji mwenzao aliyenyongwa. Kwa muda mrefu tunamtazama Mugo kwa macho ya kijiji. Tunapojua kwamba msaliti ni yeye, tumeshashiriki kumtukuza. Usaliti ungesimuliwa mwanzoni, tungebaki tunasubiri tu akamatwe. Ulivyocheleweshwa, unatufanya tuulize ni nani katika umati ule mwenye mikono safi. Tafadhali, wanaosema "angesimulia tu kama ilivyotokea" walifikirie hilo kwanza.

Kwa waandishi: kurukaruka kusiko na sababu hatukupokei. Mswada usiofuata mfululizo wa wakati uambatane na karatasi mbili. Ya kwanza iorodheshe matukio kama yalivyotokea, ya pili kama yanavyosimuliwa, na kila tukio liwe na namba ya ukurasa, namba zilezile katika karatasi zote mbili. Zikiwa na kasoro, mswada utarudishwa kwa marekebisho mara moja tu. Kasoro ikijirudia, jalada litafungwa na mwandishi atasubiri dirisha lijalo la kupokea miswada. Barua ya utambulisho haichukui nafasi ya karatasi hizo, hata iwe imeandikwa na nani. Kutimiza masharti haya si ahadi ya kuchapishwa. Uamuzi ni wa jopo.

Kwa msomaji aliyekwama: kabla ya kutupigia simu, angalia nani bado yu hai, nani ameshaoa, na watoto wana umri gani. Mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni akitokea na sare ya shule, ujue miaka imepita, hata kama mwandishi hakuitaja.