Je, wajua? Kinachokufunga kwenye kikoba ni kauli yako mwenyewe

Ukiuliza Chamwino au Bahi, wilaya za mkoa wa Dodoma, kwa nini kikoba fulani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hakivunjiki, wengi watakujibu kuwa mwenyekiti wake anajua kuongea. Akisema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, watu wote wanaitikia. Hata waanzishaji wa vikundi huamini hivyo, wakatafuta msemaji kabla ya sanduku la fedha. Ni kosa. Hotuba nzuri huwavuta watu wajiunge, ila kinachowabakiza ni maneno wanayoyatamka wao.

Tazama kikao. Wanachama 15 hadi 30 wamekaa duara. Katibu anaita namba. Namba saba anasimama na kutaja kwa sauti: "Hisa tatu." Wahesabu fedha wawili wanahesabu wote wakiona, kisha mihuri mitatu inagongwa kwenye kitabu chake. Anayetaka mkopo hutaja kiasi na shughuli, tuseme mbegu za alizeti, na kwa kawaida hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Mwishoni salio la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, hutangazwa na kila mmoja hulikariri, kwa sababu kikao kijacho wataulizwa.

Maneno ya mwenyekiti ni kamba uliyovishwa shingoni; ukipata mwanya unaivua. Ahadi uliyoitamka mbele ya majirani ni fundo ulilolikaza kwa mikono yako, na kulifungua ni kujikana.

Mwaka 1959, Leon Festinger na James Carlsmith wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha, kisha wakawalipa wamwambie mwenzao kuwa inafurahisha. Waliolipwa dola 1 waliishia kuiona kazi hiyo nzuri kuliko waliolipwa dola 20. Wa dola 20 alijua amesema kwa ajili ya pesa. Wa dola 1 hakuwa na sababu hiyo, basi moyo ukaufuata mdomo. Tahadhari: majaribio ya baadaye ya aina hii hayakutoa jibu moja, na kwenye kikoba kuna pia faini na aibu, mambo magumu kuyatenganisha na nguvu ya kauli.

Kiswahili nacho kina jambo la ajabu hapa. "Tumekubaliana": ile *tu-* haisemi kama wewe unayesikiliza umo au humo, na *-ana* inadai kila mmoja amempa mwenzake neno, hata aliyekaa kimya nyuma. Ndiyo maana "Tumekubaliana?" ikijibiwa "Ndiyooo!" kwa pamoja haimfungi mtu. Mwenyekiti makini huzunguka duara akiuliza, "Namba nne, wewe unasemaje?"

Vikundi hulegea pale mwanachama anapotuma hisa kwa simu wiki hadi wiki, maana analipa bila kutamka. Neno "ndugu" ambalo wanachama huitana nalo lina makali mawili: linaleta watu kikaoni, kisha linamfanya mweka hazina aone haya kudai, hasa miezi ya kilimo, chakula kinapopungua nyumbani. Kwa hiyo faini isomwe kutoka kwenye katiba kabla mkopo haujatoka, na msomaji awe mkopaji mwenyewe, kwa sauti yake.