Glakoma: Yanayodhaniwa na Yanayoizidisha Kweli

Wagonjwa wengi wa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na ambao mitaani huitwa presha ya macho, hushikilia namba moja tu ya presha ya jicho waliyotajiwa kliniki. Ikiwa chini ya 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki, hurudi nyumbani wakiamini kwamba ugonjwa umesimama. Kwa maoni yangu hakuna dhana potofu yenye madhara kuliko hii. Namba 21 imetokana na vipimo vya watu wenye macho mazima, na haimhakikishii mgonjwa yeyote usalama, kwa kuwa wapo ambao mshipa wa fahamu wa jicho huendelea kufa huku presha ikionekana ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wagonjwa wa aina hiyo ulilenga kuishusha presha kwa asilimia 30: macho yaliyozidi kuharibika yalikuwa asilimia 12 kati ya yaliyotibiwa, na asilimia 35 kati ya yasiyotibiwa.

Ndiyo maana daktari humwekea kila mgonjwa kiwango chake cha presha, akizingatia umri, ukubwa wa uharibifu uliokwisha kutokea, na iwapo macho yote mawili yameathirika. Huangalia pia unene wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa sababu konea nyembamba hufanya kipimo kisomeke chini ya presha halisi. Akiona tone la damu ukingoni mwa kichwa cha mshipa wa fahamu, yaani pale unapoungana na jicho, ambalo mgonjwa mwenyewe halihisi kabisa, hulichukulia kuwa dalili kwamba ugonjwa huenda unasonga mbele. Utafiti mkubwa wa Sweden ulikadiria kwamba kila milimita moja ya presha inayopungua hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa takribani asilimia 10.

Dhana ya pili ni kwamba anayeona vizuri hana haja ya kuendelea na matone ya dawa ya kushusha presha ya jicho. Glakoma ya kawaida huanza kula pembeni mwa uoni, na jicho moja huziba pengo la jenzake, hivyo mtu anaweza kusoma gazeti bila shida ilhali amepoteza sehemu kubwa ya mshipa. Tofauti na mtoto wa jicho, ambaye akiondolewa uoni hurudi, kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Matone hulinda kilichobaki tu. Hayamwongezei mgonjwa nuru yoyote, tena huwasha na yana gharama kila mwezi, kwa hiyo si ajabu wengi wakayaacha kimyakimya. Katika jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, matibabu ya leza, yaani mwanga maalumu unaoelekezwa jichoni ili kushusha presha, yalifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho baada ya mwaka mmoja, na matone ya timololi kwa asilimia 31. Nguvu ya leza nayo hupungua kadiri muda unavyopita na huenda ikabidi irudiwe, lakini haitegemei kumbukumbu ya mtu wala fedha za kila mwezi.

Wapo pia wanaodhani kwamba dawa yoyote ya macho kutoka duka la dawa haina neno. Matone yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), kama deksamethasoni, hutuliza muwasho upesi na ndiyo maana hupendwa, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho bila maumivu, na wenye glakoma wamo katika hatari zaidi. Krimu za steroidi zinazopakwa karibu na kope zinaweza kufanya vivyo hivyo.

Simu na televisheni, zinazolaumiwa sana, hazisababishi glakoma.

La mwisho ni imani kwamba presha ya damu ikishuka, ya jicho hushuka nayo. Hizi ni presha mbili tofauti, na presha ya damu ikishuka kupita kiasi, hasa usiku, damu inayolisha mshipa wa jicho hupungua. Mgonjwa asiache vidonge wala asibadilishe saa za kuvinywa kwa uamuzi wake. Kinachotakiwa ni kila daktari anayemtibu kuijua orodha kamili ya dawa zake, matone yakiwemo, kwani timololi huingia kwenye damu, hupunguza mapigo ya moyo, na haimfai mwenye pumu.