Je, wajua? Chumvi hulegeza hata kilichofungwa na chaji

Jioni moja huku Katuba, Lubumbashi, mama jirani aliniona nakimbilia kopo la chumvi wakati sufuria ya bamia ndiyo kwanza inachemka. "Wacha, mwanangu. Chumvi tutatia mwisho. Ukitia sasa, utelezi utakufa." Nilitii, tukala bukari (ugali wetu), lakini swali halikunitoka. Kesho yake nilichuja utelezi wa bamia, nikaugawa vikombe viwili, na kimoja nikakitia kijiko cha chumvi. Ule mtupu ulining'inia kwenye kijiko kama uzi mrefu. Ule wa chumvi ulidondoka matone mafupi.

Mama alikuwa sahihi kwamba chumvi huua utelezi, na sababu yake ni nzuri sana. Utelezi wa bamia ni minyororo mirefu ya sukari, jamii ya pektini, yenye sehemu nyingi za chaji hasi ya umeme. Chaji zinazofanana hufukuzana, kwa hiyo mnyororo hunyooka, unachukua nafasi kubwa na kukwamana na wenzake. Maji yanakuwa mazito. Chumvi ikiyeyuka, ioni zake za sodiamu, yaani chembe ndogo sana zenye chaji chanya, huuzunguka mnyororo na kuzificha zile chaji hasi. Zikishafichwa hazisukumani tena, na mnyororo hujikunja kama jongoo aliyeguswa. Wanaotia soda ya bikarbonati hupata kinyume chake, kwa kuwa soda huondoa uasidi na sehemu nyingi zaidi za mnyororo hupata chaji.

Minyororo ya namna hii huitwa polielektroliti. Viwanda vya shaba na kobalti vya hapa Katanga vinaitumia pia: ndiyo dawa inayokusanya chembe za matope zizame chini ya tangi. Dawa hiyo hukorogwa kwanza kwenye maji safi, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi huikunja kabla haijafanya kazi.

Sasa chukua minyororo ya aina mbili, mmoja wa chaji hasi na mwingine wa chaji chanya, uichanganye. Inashikana na kujitenga na maji, ama kama matone mazito ama kama kitu kigumu cheupe. Mwaka 1929 wanasayansi Bungenberg de Jong na Kruyt wa Uholanzi waliyapa matone hayo jina la koaserveti, na mfano wake maarufu ni gelatini na gundi ya akasia. Wengi hudhani kinachoiunganisha ni mvuto wa chanya na hasi tu. Mvuto upo, ila mara nyingi si ndio nguvu kubwa. Kabla ya kukutana, kila mnyororo umezungukwa na ioni ndogo zinazousindikiza. Minyororo ikishikana, wasindikizaji hao huachiwa na kutawanyika majini, na kutawanyika huko ndiko kunakosukuma muungano mbele.

Hapo ndipo utaelewa chumvi inavyofanya kazi. Kushuka kwenye basi penye uwanja mtupu ni raha, utatembea utakavyo. Kushuka Jumamosi katikati ya soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, watu wamebanana bega kwa bega, umepata uhuru gani? Maji yakiwa yamejaa chumvi, ioni zinazoachiwa hazipati nafuu yoyote. Muungano unalegea, ioni za chumvi zinaingia kati ya minyororo, na ikizidi sana vyote vinayeyuka. Kwa gelatini na gundi ya akasia chumvi kidogo inatosha. Jozi zenye chaji kali zinaweza kudai zaidi ya gramu 100 kwa lita, wakati bahari ina takriban 35. Aina ya chumvi nayo ina uzito wake: kwa kawaida chumvi za bromidi hulegeza kuliko za kloridi, kama ile ya mezani. Mpangilio wa chumvi kwa nguvu zake ulianza na Franz Hofmeister mjini Prague mwaka 1888, akichunguza ute wa yai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi Gero Decher alijenga utando kwa kanuni hii hii. Unachovya kioo kwenye minyororo chanya, unasuuza, unachovya kwenye hasi, unasuuza, unarudia. Bila chumvi kila tabaka ni jembamba, kama nanomita moja hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa kuwa minyororo inalala imenyooka. Tia chumvi kwenye maji ya kuchovya, minyororo inatua imejikunja, tabaka linanenepa. Lakini chovya utando uliokamilika kwenye chumvi kali nao unaanza kuvimba na kulainika. Joseph Schlenoff wa Marekani alitumia ulaini huo kufinyanga vitu hivi kama plastiki, chumvi ikichukua nafasi ya moto.

Na viyeyushi? Maji yenyewe ni mlainishaji: utando mkavu ni mgumu na huvunjika, uliolowa hunyumbuka. Spiriti huyanyonya maji yaliyomo, na kwa kuwa chaji huvutana kwa nguvu zaidi ndani ya spiriti kuliko ndani ya maji, utando husinyaa na kukakamaa.

Kilichonishangaza zaidi ni kazi ya Alan Michaels, iliyochapishwa mwaka 1965. Jozi yake ya minyororo ya chaji kali haikuyeyuka kwenye maji wala kwenye asetoni, kile kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha. Iliyeyuka vilipokutana vitatu: maji, asetoni na chumvi kama bromidi ya sodiamu. Chumvi ilifungua vifungo vya chaji, maji yakazibeba ioni, na asetoni ikaipokea ile sehemu ya mnyororo iliyo kama mafuta, isiyopenda maji. Ukimimina mchanganyiko huo juu ya kioo kisha ukausuuza kwa maji safi, chumvi na asetoni huondoka, minyororo hushikana upya, na utando hubaki pale pale juu ya kioo.