Uraia na elimu ya fedha sekondari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika nchi nyingi, siku kijana anapotimiza miaka 18 anapata haki mbili kwa mpigo. Anaruhusiwa kupiga kura, na anaruhusiwa kusaini mkataba wa mkopo utakaombana kisheria. Jana yake alikuwa mtoto. Kesho yake anaweza kudaiwa, kukatwa kodi, kumdhamini rafiki na kuchagua atakayetunga sheria zinazosimamia yote hayo. Muda wa kujifunza katikati haupo. Ndiyo maana kila mtaala unapopitiwa upya, swali linarudi: je, uraia na elimu ya fedha yawe masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari? Mimi naamini yawe. Lakini mjadala huu umejaa mambo yanayorudiwa kama ukweli bila mtu kuyakagua, na baadhi yake hutoka upande wetu sisi tunaoyatetea masomo haya.

Dhana: "Mambo ya fedha hufundishwa nyumbani"

Ni kweli kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Mtoto huona mshahara unavyopangwa, na huona pia unavyoyeyuka. Tatizo ni kwamba mzazi hawezi kufundisha asichokijua. Mwaka 2004, watafiti Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell waliwauliza Wamarekani wenye umri wa zaidi ya miaka 50 maswali matatu mepesi: riba inavyokua, mfumuko wa bei unavyopunguza thamani ya akiba, na kama kuweka fedha zote katika hisa za kampuni moja ni salama kuliko kuzigawa. Takriban theluthi moja tu walijibu yote matatu sawasawa. Hawa ni watu waliokwisha kukopa, kulipa na kuweka akiba kwa miongo kadhaa. Tukiwaachia wao peke yao kazi ya kufundisha, mtoto wa anayejua atajua, na mtoto wa asiyejua atarithi kutojua.

Tena elimu hii inaweza kupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Huko Brazil, programu ya elimu ya fedha ilijaribiwa katika shule za sekondari karibu 900 za majimbo sita, shule zikigawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikapewa somo, nyingine zikabaki kwanza bila somo ili zilinganishwe. Wanafunzi waliofundishwa waliongeza ujuzi, na wazazi wao nao wakaonyesha mabadiliko.

Dhana: "Hisabati inatosha"

Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Uchambuzi wa Shawn Cole na wenzake, uliochapishwa 2016, ulitazama majimbo ya Marekani yaliyowahi kulazimisha somo la fedha miaka ya nyuma na yale yaliyoongeza masomo ya hisabati. Hisabati ya ziada iliwasaidia watu katika maisha yao ya fedha. Yale masomo ya zamani ya fedha hayakuacha alama iliyoonekana. Kwa hiyo anayetaka kukata vipindi vya hisabati ili kuweka vya fedha anabomoa msingi ili apate matofali ya kujengea ukuta.

Hata hivyo, kujua asilimia ni jambo moja, na kujua asilimia hiyo ni ya nini ni jambo jingine. Chukua mkopo wa 1,200, kwa sarafu yoyote, unaolipwa kwa miezi 12. Wakopeshaji wawili wanakuambia riba yao ni asilimia 10 kwa mwaka. Wa kwanza anaipiga juu ya mkopo wote wa mwanzo: riba 120, jumla 1,320, yaani 110 kila mwezi. Wa pili anaipiga juu ya salio linalopungua kila unapolipa: unalipa kama 105.50 kwa mwezi, na riba yote ni kama 66. Tangazo ni lile lile, asilimia 10, lakini gharama ya mmoja inakaribia mara mbili ya mwenzake. Sababu ni kwamba kwa yule wa kwanza unaendelea kulipia riba ya fedha ulizokwisha kurudisha. Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, ile asilimia 10 yake ni karibu asilimia 18.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana hesabu zote za kuligundua hili. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kuna swali la kuuliza. Na riba ya mwezi ni mtego mkubwa zaidi: deni la 100 lisilolipwa, kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, hufika karibu 314 baada ya mwaka. Wengi hukisia 220, kwa sababu wanazidisha kumi kwa kumi na mbili.

Dhana: "Utafiti umeonyesha elimu ya fedha haina faida"

Wanaosema hivi huwa na uchambuzi mmoja akilini, uliochapishwa 2014 na Daniel Fernandes na wenzake. Walijumlisha tafiti nyingi wakakuta kwamba mafunzo ya fedha yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu katika fedha. Ni pigo zito, na hatuna sababu ya kulificha. Lakini mwaka 2022 ukatoka uchambuzi mwingine, wa Tim Kaiser na wenzake, uliokusanya majaribio 76, yote ya kugawa watu kwa bahati nasibu. Huu ulikuta mafunzo yanainua ujuzi na yanabadilisha tabia. Katika majimbo ya Marekani ya Georgia, Idaho na Texas, ambako somo lilifanywa la lazima kuanzia miaka ya 2000, vijana waliolipitia walichelewa kulipa madeni mara chache kuliko wenzao wasiolisoma.

Somo lisilo na mwalimu aliyeandaliwa, linalofundishwa kwa haraka katika wiki ya mwisho ya muhula, halitabadilisha kitu. Hata lile zuri lina mipaka. Huko huko Brazil, wanafunzi waliofundishwa waliweka akiba zaidi, lakini pia walielekea zaidi kununua vitu kwa mikopo ya gharama kubwa. Ukimfungulia kijana mlango wa benki, ataingia pia vyumba ambavyo hukutaka aingie. Kwangu hilo ni sababu ya kufundisha vizuri zaidi.

Dhana: "Uraia ni kukariri katiba, na vijana hawahitaji kukariri"

Mimi nilimaliza shule nikiweza kutaja mihimili mitatu ya dola bila kusita. Miaka michache baadaye ofisi moja ya umma ilinikatalia ombi langu, na sikujua kama nina haki ya kuomba sababu kwa maandishi, wala rufaa inapelekwa wapi. Nilirudi nyumbani kimya. Mihimili niliijua, lakini sikujua nigonge mlango upi.

Hata hivyo, ujuzi wa msingi si wa kudharauliwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 wa Annenberg, kituo cha Marekani cha utafiti wa sera za umma, ni asilimia 26 tu ya watu wazima wa Marekani walioweza kutaja mihimili yote mitatu ya serikali yao. Mtu asiyejua kwamba mahakama na bunge ni vitu viwili tofauti atalaumu mlango usio wake kila mara.

Swali ni namna ya kufundisha. Mwaka 1968, Kenneth Langton na M. Kent Jennings walichapisha utafiti uliowatikisa walimu wa uraia: kwa wanafunzi wengi wa Marekani, somo lile halikuwa limeongeza karibu chochote. Jambo linalosahaulika kila utafiti huo unapotajwa ni kwamba kwa wanafunzi weusi somo lilikuwa na athari kubwa zaidi. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba kwa wengi wa wanafunzi wengine somo lilirudia waliyokwisha kuyasikia kwingine, ilhali kwa hawa lilileta mapya. Mtu anayefikiri kwamba uraia uachwe uwe wa hiari anapaswa kukaa na matokeo haya kwa muda. Na mwaka 1999, utafiti wa IEA, shirika la kimataifa la kupima mafanikio ya elimu, uliofanyika katika nchi 28 na kuwahusisha wanafunzi wapatao 90,000 wa umri wa miaka 14, ulionyesha kwamba darasa linaloruhusu wanafunzi kujadili na kutofautiana kwa uhuru huendana na ujuzi mkubwa zaidi na nia kubwa zaidi ya kupiga kura.

Dhana: "Somo la uraia litageuzwa kuwa jukwaa la chama"

Hofu hii ni halali, kwa sababu imewahi kutokea katika nchi nyingi. Ujerumani, yenye kumbukumbu mbaya ya shule zilizotumiwa kama mtambo wa propaganda, ilipata njia yake mwaka 1976 katika mkutano uliofanyika mji wa Beutelsbach. Walikubaliana kanuni tatu. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa msimamo wake. Jambo linalobishaniwa katika jamii libishaniwe pia darasani. Na mwanafunzi asaidiwe kuyachambua mazingira ya kisiasa na kuona maslahi yake mwenyewe yamesimama wapi. Kanuni hizo zinatumika hadi leo. Hatari ya siasa darasani haiondoki kwa kufuta somo. Vijana wataisikia siasa kwingine, na huko hakuna anayelazimika kuwaonyesha upande wa pili.

Dhana: "Anayelitaka somo atalichagua"

Huchaguliwa na wale ambao nyumbani kwao jambo hilo tayari linazungumzwa. Utafiti wa Joseph Kahne na Ellen Middaugh wa 2008, uliotumia data za wanafunzi wa California, ulikuta kwamba nafasi za kujifunza uraia kwa vitendo zilikuwa nyingi zaidi kwa wanafunzi wa familia zenye uwezo na wale waliofanya vizuri darasani.

Dhana: "Ratiba imejaa"

Imejaa, kweli. Lakini masomo haya mawili yanaweza kukaa pamoja. Uingereza, kwa shule za England, iliufanya uraia kuwa somo la lazima la sekondari tangu 2002, na mtaala ulioanza kutumika 2014 ukaingiza humo bajeti, mikopo na madeni. Sharti ni kipindi kiwe na mwenyewe. Mada ikiambiwa iguswe na kila mwalimu, mara nyingi haiguswi na yeyote.

Dhana: "Maskini ni maskini kwa sababu hajui kutunza fedha"

Hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu hutumiwa na watetezi wa elimu ya fedha wenyewe. Bajeti haiongezi mshahara. Mtu ambaye mapato yake hayafiki mwisho wa mwezi mara nyingi anaijua kila senti aliyonayo kuliko tajiri anavyojua milioni zake. Ukimfundisha kijana fedha peke yake, unaweza kumtoa darasani akiamini kila deni ni kosa la aliyekopa, na kila ada iliyofichwa ni uzembe wa asiyesoma.

Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kadi za mikopo inayojulikana kama CARD Act. Iliwazuia watoaji kumpa kadi kijana chini ya miaka 21 asiye na mapato yake wala mdhamini, na ikawalazimu kuandika kwenye taarifa ya kila mwezi deni litachukua muda gani kuisha mteja akilipa kiwango cha chini tu. Hakuna bajeti ya mtu mmoja ingeweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo darasa ninalolitamani lina vipindi viwili na mkataba mmoja wa mkopo mezani. Kipindi cha kwanza, wanafunzi wanakokotoa gharama yake halisi, kila ada na kila adhabu ya kuchelewa. Cha pili, wanatafuta ni sheria gani inayoruhusu adhabu hiyo, ni chombo gani kinaweza kuibadilisha, nani anawawakilisha humo, kisha wanamwandikia barua.