Bei ya chini si lazima iwe ununuzi bora
Mameneja wengi huamini kuwa kazi ya ofisa manunuzi ni kupata bei ya chini kabisa. Si kweli. Bei ya kwenye ankara ni sehemu tu ya gharama: kuna usafirishaji, ushuru, uhifadhi, bidhaa mbovu, na mashine kusimama kwa sababu kipuri kimechelewa. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi, na hakuna ankara inayolionyesha. Mwaka 1983 mshauri wa biashara Peter Kraljic alishauri kila kinachonunuliwa kipimwe kwa mambo mawili: uzito wake katika faida, na hatari ya kukikosa. Karatasi za ofisini, shindanisha wauzaji upendavyo. Lakini malighafi yenye msambazaji mmoja tu? Huyo jenga naye uhusiano wa muda mrefu, huku ukitafuta mbadala mapema.