Udahili wa kuchelewa wenye muhula wa fildi: maana yake, na namna ya kuupima kabla ya kukubali

Vyuo vingi vya Marekani hutoa barua za udahili mwishoni mwa Machi na kutaka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Kwa mtoto wa kidato cha sita wa hapa kwetu huo ni wakati mbaya kuliko wote. Mtihani wa taifa ni Mei, simu haziruhusiwi bwenini, na barua pepe inafunguliwa na mjomba aliyeachiwa neno la siri. Mjomba anaona neno la pongezi, anapiga simu Kondoa, anapiga Mpwapwa, jioni ukoo mzima umeshajua kijana anakwenda Marekani. Aya ya pili, ile inayosema kwamba masomo hayaanzi Agosti bali Januari, na kwamba miezi ya katikati atakuwa kwenye mafunzo kazini, inakuja kusomwa baadaye, furaha ikishatulia.

Huo ndio udahili wa kuchelewa. Chuo kimekukubali na jina lako limeingia, ila nafasi yako inaanza muhula wa pili wa mwaka wa masomo. Usiuchanganye na orodha ya kusubiri, maana aliye kwenye orodha hiyo hajakubaliwa bado. Wala si sawa na kuahirisha masomo, jambo ambalo Dodoma tunalifahamu zaidi: mtu kapata nafasi UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au Chuo cha Mipango, kaugua au kakosa ada, anaandika barua kuomba aanze mwaka unaofuata. Hapo anayeomba ni mwanafunzi. Kwenye udahili wa kuchelewa, tarehe imepangwa na chuo, na kazi yako ni kusema ndiyo au hapana.

Kwa nini chuo kifanye hivyo? Kwanza ni vitanda. Ifikapo Januari wapo wanafunzi waliomaliza Desemba, wapo walioacha, wapo waliokwenda kusoma muhula mmoja nchi nyingine. Mabweni yanabaki na nafasi, na nafasi tupu hailipi ada. Sababu nyingine haiandikwi kwenye barua: takwimu za udahili zinazotangazwa na vyuo hivyo, alama za walioingia na asilimia ya waliokubaliwa, kwa kawaida ni za kundi la Agosti na Septemba. Kundi la Januari halionekani humo. Kwa hiyo barua ya namna hii haimaanishi kwamba ulishindwa ukaonewa huruma, wala haimaanishi kwamba umependelewa.

Utaratibu wenyewe ni wa siku nyingi. Chuo cha Middlebury, kule Vermont, kina kundi linaloanza Februari tangu miaka ya 1970, na wahitimu wa kundi hilo wana desturi ya kushuka mlima wa theluji kwa skii wakiwa na majoho yao. (Mtu wa Dodoma atakayepangiwa huko ana miaka minne ya kufanya mazoezi.) Chuo Kikuu cha Northeastern cha Boston, tangu 2007, kina programu inayowapeleka baadhi ya wanafunzi wapya nchi nyingine kwa muhula wa kwanza, kisha wanaingia Boston Januari. Katika programu kama hiyo mwanafunzi anasoma na kukusanya krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, na ada inalipwa. Barua yenye muhula wa utarajali, au fildi kama tunavyosema mtaani, ni jambo jingine. Hapo chuo kinakwambia ujaze miezi ya Septemba hadi Desemba kwa kazi, na mara nyingi hakisemi wazi kazi hiyo ni ya nani: ya chuo, au yako mwenyewe?

Nikishika barua ya namna hii, swali hilo ndilo ninaloanza nalo. Watu hubishana kama miezi minne ni mingi au michache. Kusubiri miezi minne hakujamwangusha mtu. Kinachobadilisha hesabu ni kama muhula huo una msimamizi, una krediti, na una maandishi yatakayobaki kwenye rekodi yako, au ni maneno mazuri tu ya kukwambia kaa nyumbani tutakuita.

Kwa Mtanzania kuna jambo la viza ambalo Mmarekani aliyepata barua ileile halimgusi. Yeye anaweza kupanda basi akatafute fildi New York. Wewe unaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na viza hiyo inafuata fomu ya I-20 ambayo chuo kinakutolea. Kwenye fomu kuna tarehe ya kuanza programu, na huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Masomo yakianza katikati ya Januari, mapema yako kabisa ni katikati ya Desemba. Na mafunzo kazini ya nje ya chuo yanayohesabiwa kuwa sehemu ya mtaala, kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1, hufunguliwa baada ya kusoma mwaka mzima wa masomo. Kwa maneno mengine, fildi ya kabla ya Januari haitafanyikia Marekani. Itafanyika kwa mtandao au itafanyika hapahapa. Akitokea wakala anayesema anaijua njia ya kumwingiza kijana Septemba, mwambie aioneshe kwenye I-20. Kama haimo, hiyo njia haipo.

Basi tuseme itafanyika Dodoma. Mji huu una pa kwenda. Wizara ziko Mtumba, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na UDOM, utafiti wa zabibu unafanyika Makutupora kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kampuni za ujenzi na za hesabu zimeongezeka tangu serikali ihamie huku. Shida haiko kwenye idadi ya ofisi, iko kwenye karatasi. Ofisi zetu zimezoea kumpokea mwanafunzi wa fildi kupitia chuo chake. Sasa fikiria kijana aliyemaliza kidato cha sita, shati jeupe limepigwa pasi, bahasha ya kaki ina cheti cha kidato cha nne na nakala ya kitambulisho. Anafika masjala, anasalimia, "Shikamoo mama, nimekuja kuomba nafasi ya fildi."

"Marahaba mwanangu. Barua ya chuo iko wapi?"

Anatoa simu, anamwonesha barua pepe ya Kiingereza. Mama anaisogeza mbali kidogo aisome, anaisoma kweli, kisha anamrudishia. "Sasa hii nitaigonga wapi mhuri?"

Hajamnyanyasa. Barua inayopokelewa masjala ni lazima iingie kwenye jalada, na simu haiingii kwenye jalada. Ndiyo maana jambo la kwanza la kudai kwa chuo, kabla ya kukubali, ni barua ya utambulisho iliyosainiwa: inamtaja mwanafunzi, inaeleza tarehe za fildi, saa kwa wiki, kazi inayotarajiwa, na jina la mtu wa chuo atakayepokea ripoti. Chuo chenye programu ya kweli kinayo barua hiyo tayari, au kitaiandika ndani ya siku chache. Chuo kinachokujibu kwamba unaweza kutafuta "uzoefu wowote unaokufaa" kimeshakujibu lile swali la nani mwenye muhula. Ni wako, na gharama zake ni zako.

Gharama zenyewe si kubwa za kutisha, lakini zipo. Fildi nyingi hapa hazina posho. Mtoto anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba atahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku na chakula cha mchana, miezi minne, na hayo yote yanatoka kwa baba. Familia nyingi hulibeba hilo. Inayoumiza ni ile ada ya programu ambayo baadhi ya vyuo huitoza muhula huo hata kama hufiki darasani, kwa maelezo kwamba wanakusimamia kwa mtandao. Ukitozwa, dai krediti. Kulipa ada ya muhula bila krediti ni kununua cheti cha kusubiri.

Halafu kuna wazo linalozaliwa sebuleni kila mara: "Si aanze UDOM Oktoba, Januari ikifika aondoke?" Linasikika la busara. Mtoto hakai bure, na viza ikikwama ana pa kurudi. Mimi silishabikii, na sababu zangu ni mbili.

Moja iko upande wa Marekani. Vyuo vingi huweka sharti kwamba mwanafunzi aliyedahiliwa kama wa mwaka wa kwanza asijisajili shahada kwingine kabla hajaingia. Akijisajili, anaweza kuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na wa kuhamia mara nyingi ana mlango wake wa udahili na mfuko wake wa ufadhili, ambao huwa mdogo zaidi. Miezi mitatu ya UDOM inaweza kumfutia msaada wa miaka minne. Nyingine iko huku kwetu. Ili uanze chuo hapa unathibitisha udahili katika chuo kimoja kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na ukiwa umeomba mkopo Bodi ya Mikopo, fedha ya muhula wa kwanza ikishatoka kwa jina lako ni deni. Ukiondoka Januari deni haliondoki nawe, linakusubiri, na siku utakayopata mshahara Tanzania makato ni asilimia 15. Kuna pia kijana mwingine ambaye angekaa kwenye nafasi hiyo, lakini hilo najua halimzuii mzazi mwenye hofu ya viza.

Hofu yenyewe ina msingi. Kanuni za viza za Marekani hubadilika, na miaka ya karibuni nchi hiyo imebana viza za wanafunzi kutoka mataifa kadhaa, Tanzania ikiwemo tangu Januari 2026, wakati mwingine kwa tangazo la ghafla. Kwa hiyo ulizia kwa maandishi: viza ikichelewa au ikikataliwa, nafasi inasogezwa hadi Agosti au inakufa? Amana niliyolipa inarudi? Ufadhili unanisubiri? Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, peke yake ni dola 350, hailipwi na chuo na hairudishwi ukinyimwa viza, na usaili ni Dar es Salaam. Treni ya SGR imeipunguza safari hiyo, lakini ni safari bado, na ya kulipia.

Ajabu ni kwamba kwa kalenda yetu kuanza Januari kunaweza kumfaa mtoto kuliko kuanza Agosti. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Walioitwa JKT kwa mujibu wa sheria huwa kambini katikati ya mwaka. Anayetakiwa darasani Marekani mwishoni mwa Agosti anakimbizana: matokeo hayajathibitishwa, pasipoti iko njiani, tarehe ya usaili haijapatikana. Wa Januari anapata nafasi ya kupumua. Lakini anafika wakati wenzake wameshajuana na wameshachagua wa kukaa naye chumba, tena anatua kwenye baridi ambayo koti la Dodoma la mwezi wa saba haliiwezi. Baadhi ya vyuo hufanya wiki ya kuwapokea wa Januari peke yao. Ulizia hilo pia.

Jambo la mwisho la hesabu ni mwaka wa kumaliza. Shahada ya miaka minne ni mihula 8. Anayeanza Januari bila krediti za fildi atamaliza Desemba, nusu mwaka nyuma ya wenzake, isipokuwa akisoma likizo za kiangazi kwa kulipia. Ufadhili ukiwa umeandikwa kwa mihula 8, hakuna tatizo. Ukiwa umeandikwa "hadi Mei" ya mwaka fulani, muhula mmoja utabaki bila msaada, na huo ndio utakaomfanya mzazi auze kiwanja. Soma sentensi hiyo mara mbili, halafu mpe mwalimu wa Kiingereza naye aisome.

Mimi ningekubali pale ambapo barua ya utambulisho inatolewa, krediti zimetajwa kwa idadi, ufadhili ni wa mihula 8, na nafasi inasogezwa viza ikikwama. Ikikosekana krediti peke yake ningekubali bado, kama muhula wa fildi hautozwi ada. Ikikosekana ile ya ufadhili ningekataa, hata chuo kiwe na jina gani, na ningemwambia kijana aombe vyuo vya hapa dirisha likifunguliwa.

Maswali hayo yaandikwe kwenye barua pepe moja fupi, itumwe katikati ya Aprili kutoka kwenye anwani ya mwanafunzi mwenyewe, mjomba akiwekwa kwenye nakala. Majibu yasipofika hadi wiki ya mwisho ya mwezi, omba kuongezewa muda wa kujibu, nalo kwa maandishi. Ofisi za udahili zimezoea ombi hilo, na mtoto aachwe amalize mtihani wake.