Kutoa hewa gizani: alichorudi nacho baba kutoka Kagera

Kazi yangu ni injini za dizeli, hasa za maboti ya Kirumba, na kila wiki naulizwa lile lile: kwa nini injini iliyozimika kwa kuishiwa mafuta haiwaki hata ukijaza tangi? Jibu nilipewa na baba, naye alilipata vitani.

Baba alikuwa fundi wa malori ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mwanza. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, Mwalimu akatangaza kuwa sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Baba akaondoka na mgambo. Malori ya raia yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani, yakahitaji mtu anayeyajua. Habari za bunduki hakutusimulia mpaka tunamzika. Za dizeli alisimulia usiku kucha.

Sisi tuliobaki vita vilitufikia huku huku. Ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Sasa dizeli. Injini hii haina plagi. Pistoni huibana hewa ikapata moto kiasi kwamba mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Ili nozeli, yaani kinywa kinachopuliza mafuta ndani ya injini, ifunguke, pampu lazima isukume kwa nguvu. Injini nyingi za zamani zinataka shinikizo la kama baa 175 hadi 200. Dizeli haibaniki kirahisi, ila hewa inabanika. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba. Kiputo chake kikikaa humo, pampu inasukuma, kiputo kinasinyaa kisha kinatanuka, nozeli haifunguki. Unapiga stata mpaka betri inakufa.

Njia ya kwenda Masaka, Uganda, ilikuwa tope na mvua, maji yakiingia kwenye matangi, filta zikiziba. Malori yalizimika usiku, na kuwasha tochi ilikuwa kujitangaza kwa adui. Ndipo baba akajifunza kutoa hewa kwa vidole.

Nikiwa na miaka 12 alinifundisha uani kwetu Mabatini. Alilegeza skrubu ya juu ya filta, akaniambia nifumbe macho na niweke kidole gumba hapo.

"Piga pampu ya mkono taratibu, mwanangu. Sikiliza kwa kidole."

Mwanzoni kidole kilitekenywa, kama soda inayofurika povu. Hiyo ni hewa. Nikapiga na kupiga, mtekenyo ukakata, ikaja dizeli tulivu, ya baridi, ikiteleza bila kukatika.

"Hapo kaza. Kaza huku bado unapiga."

Halafu unatoa hewa kwenye pampu kubwa, ile inayosukuma mafuta kwenye nozeli, na nozeli mwisho kabisa. Fuata mafuta yanakotoka. Anayeanzia kwenye nozeli anaivuta hewa ya filta iende mbele, atarudia kazi mara tatu. Hilo hadi leo naliona kwa mafundi wazuri tu, na linaniuma.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baba alirudi sikio la kushoto likiwa limekufa. Mwalimu alituomba tujifunge mikanda miezi 18. Ikapita, na vipuri bado havikuonekana. Washa za shaba za nozeli, zile pete za kuziba uvujaji, baba alizichoma mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini, zikalainika, akazirudisha. Mimi bado nafanya hivyo, ingawa dukani zipo.

Uzeeni sikio la pili nalo likaondoka. Akawa anaipima injini kwa kiganja, akishika bomba za nozeli moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mpigo wa pampu unagonga mkononi. Mara ya mwisho nilimpeleka Kirumba kulikuwa na boti la mizigo la Ukerewe, injini inatetemeka, nimeihangaikia tangu asubuhi. Akagusa bomba zote nne, akarudi kwenye ya tatu.

"Hii inagonga kuliko wenzake. Imeziba."

Nikaifungua. Matundu ya nozeli yalikuwa meusi, yameganda masizi. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshakaa kwenye gunia, anaomba kitambaa afute mikono.